Mlio Mmoja Mrefu, Miwili Mifupi

Siku hizo simu ilikuwa na adabu ya kuita mtaa mzima. Haikujificha mfukoni mwa mtu mmoja ikatetemeka peke yake kama kifaranga aliyenyeshewa. Ilikaa ukutani, nyeusi, nzito, na kile kishikio chake cha kuzungusha ubavuni, na ilipolia ililia katika nyumba nne kwa pamoja, kwa sababu waya ulikuwa mmoja. Ulitoka posta ya sokoni, ukapanda kilima hadi kwa Jonah, mzee wa kanisa. Hapo ukapita dukani kwa Phelis, ukaingia kwa Mwalimu Nicholas aliyekuwa amestaafu, kisha ukakatiza mashamba ya chai na kuishia kwa Rodah, mama yake Winny, chini kabisa kwenye mteremko, ambako hata nguzo ilikuwa imeinama kama mtu aliyechoka na safari.

Kila nyumba ilikuwa na mlio wake. Jonah alikuwa na mmoja mrefu, kama maombi yake. Phelis alikuwa na miwili mirefu. Mwalimu alikuwa na mitatu mifupi ya haraka haraka, kama kiboko. Wa Rodah ulikuwa mmoja mrefu, miwili mifupi. Sheria ilikuwa rahisi: ukisikia mlio wako, inua. Ukisikia wa jirani, endelea kukama ng'ombe.

Hakuna aliyeendelea kukama ng'ombe.

Rodah mwenyewe hakuwa mtu wa kusikiliza simu za watu. Alikuwa akiinua tu kuhakikisha kwamba simu yake haijaharibika, na kwa vile alikuwa mwanamke mwangalifu, alihakikisha kila ilipolia. Katika kuhakikisha huko alikuwa amejua kila jirani kwa sauti zake za kunyamaza. Phelis alisikiliza huku maandazi yakichemka kwenye mafuta nyuma yake. Mwalimu Nicholas alipumua kwa pua, huu, huu, kama mtu anayepuliza moto wa kuni mbichi. Na Jonah, ambaye kila mwezi alisimama kanisani akasema kwamba siku ya hukumu hata masikio yataulizwa yalikuwa wapi, alikuwa na saa kubwa ya ukutani, zawadi kutoka kwa Wakristo, na saa hiyo ilikuwa karibu sana na simu. Tik, tak. Tik, tak. Rodah akisikia hivyo alikuwa akitabasamu na kuongeza chumvi katika maneno yake, ili mzee wa watu asisikilize bure.

Tatizo lilikuwa moja. Sauti ndani ya waya ule ilikuwa kama chai ndani ya birika: kila mkono wa simu ulioinuliwa ulijimiminia kikombe chake. Wakiinua wawili, unasikika. Wakiinua wote, na mvua imelowesha waya, wewe uliye mwisho wa mteremko unabaki na majani ya chini: unasikia, lakini husikiki.

Basi, Jumanne moja, simu ikalia. Mlio mmoja mrefu, miwili mifupi. Rodah alikuwa akichambua maharagwe. Akajifuta mikono, akafunga kitambaa kichwani, maana huwezi kuongea na mtu kichwa wazi hata kama hakuoni, ndipo akainua.

"Hallo! Nani huyo?"

"Ni Molly, mama." Molly Ayoo alikuwa msichana wa posta aliyeunganisha simu za watu. Rodah hakuwahi kumwona hata siku moja, lakini walisalimiana kila asubuhi na alijua mpaka jino lake linalouma. "Kuna mzee anakutaka kutoka Sotik. Sauti yake ni ya mtu aliyevaa koti. Ngoja nikupe."

Moyo wa Rodah ukaruka. Sotik ndiko Winny alikokuwa nesi. Na Sotik ndiko alikokuwa Alfayo, fundi wa umeme katika kiwanda cha chai, kijana wa watu wa ziwani, ambaye miaka miwili sasa alikuwa akija pale nyumbani na Winny kwa kisingizio cha kutengeneza redio. Redio ilikuwa imepona zamani. Winny alikuwa amekataa wanaume wengi, mmoja kwa sababu alitafuna kwa kelele, mwingine kwa sababu hakutafuna kabisa, alimeza. Lakini huyu Alfayo siku ya kwanza alipewa mursik, yale maziwa ya kibuyu yaliyoganda na yenye majivu, akanywa kikombe kizima bila kukunja uso, kisha akaomba kingine. Machozi yalimtoka, lakini aliomba. Tangu siku hiyo Rodah alikuwa akimwombea kijana huyo kwa Mungu kuliko alivyoombea mvua.

"Hujambo, mama," sauti nzito ikasema. "Mimi ni Ogada, babake Alfayo. Nimekuja kumtembelea kijana, na leo narudi kwetu. Naomba ruhusa, Jumamosi nilete wazee tubishe hodi hapo kwako. Tumesikia kuna ua limechanua."

Tik, tak, waya ukasema. Huu, huu. Jonah na Mwalimu walikuwa wameshafika.

Hapa msomaji aelewe jambo. Kwa Wakipsigis wa mteremko ule, anayeomba msichana haambiwi ndiyo siku ya kwanza. Ukimwambia ndiyo mara moja, watu watauliza msichana ana kasoro gani mpaka mama yake anamsukuma nje hivyo. Unamwambia amepotea njia. Yeye anarudi. Unamwambia mbwa ni wakali. Anarudi tena. Ndipo unakohoa kidogo, na hicho kikohozi kila mtu anakijua. Kadiri unavyomfukuza vizuri ndivyo unavyomheshimu. Na Rodah, majirani wakiwa wametega masikio, aliamua kumheshimu huyu mzee mpaka atoke jasho.

"Ua?" akasema. "Hapa hakuna maua, mzee. Hapa tunalima chai."

"Nasema Winny, mama. Msichana wako."

"Msichana? Hapa hakuna msichana. Mmepotea njia kabisa. Ulizeni nyumba za huko mbele."

Huko mbele kulikuwa na mto na mikaratusi tu. Pumzi ya Mwalimu ilikatika kwa raha. Jibu tamu namna hiyo halikuwa limesikika katika waya ule tangu uwekwe.

Upande wa Sotik kiti kikasogezwa. Kisha Mzee Ogada akasema polepole, "Basi, mama, nimesikia. Samahani kwa kukusumbua. Mungu akubariki." Na simu ikafungwa.

Rodah akarudi kwenye maharagwe yake akiimba. Huyu ni mzee wa kweli, akawaza. Hakubishana. Anajua kwamba kesho atapiga tena, nami nitamwambia habari za mbwa, halafu Ijumaa nitakohoa.

Kabla maji ya maharagwe hayajachemka, simu ikalia tena. Mrefu, mifupi miwili.

"Mama!" Ilikuwa Winny, na alikuwa analia. "Mama, umetukataa?"

"Nani amekataa? Winny, wewe si mtoto wa hapa? Hujui desturi?"

"Mimi najua! Yeye ndiye hajui! Huyo ni mtu wa ziwani, mama, kwao mama wa msichana akisema hakuna msichana, basi hakuna! Amefunga mkoba wake. Anasema akifika nyumbani atawaambia wazee wamekataliwa, na wakishaambiwa hivyo wanafunga hayo maneno, hawarudi tena. Watamtafutia Alfayo mtu wa huko."

Maharagwe yakafurika na kuzima moto jikoni. Rodah hakugeuka.

"Mweleze wewe."

"Nimemweleza. Alfayo pia amemweleza. Anasema neno la mama haliwezi kugeuzwa na mtoto, linageuzwa na mama mwenyewe. Yuko hapa kwa ofisi ya karani wa kiwanda anangoja basi la Kisumu, linasimama hapo nje kwa geti. Piga sasa hivi! Mama, tafadhali, usimwambie tena habari ya maua."

Rodah akazungusha kile kishikio kama mtu anayesaga mahindi ya arusi. "Molly! Nipe Sotik, ile ofisi ya karani wa kiwanda. Mbio!"

"Nakupa, mama. Lakini leo ni siku ya soko, niko peke yangu, watu wamejaa dirishani wanataka stempu. Nikishakuunganisha naenda."

"Wewe nenda na stempu zako. Unganisha!"

Lakini habari zilikuwa zimeshatembea. Phelis alikuwa ameacha maandazi. Mkewe Mwalimu alikuwa amesukuma kichwa kando ya kichwa cha Mwalimu. Mvua nyembamba ilianza kunyesha juu ya majani ya chai, na juu ya waya pia.

"Hallo?" akasema Mzee Ogada.

"Mzee Ogada! Ni mimi, mama Winny! Njooni Jumamosi!"

"Hallo? Nasikia upepo tu."

"NJOONI!" Rodah alipiga kelele mpaka kuku wakatoka jikoni. "NILIKUWA NAKUHESHIMU!"

"Hallo? Nani huko?"

Rodah akaziba mkono wa simu kwa kiganja, akavuta pumzi, akausikiliza waya. Mafuta yalikuwa yakichemka. Pua ilikuwa ikivuma, tena leo zilikuwa pua mbili. Saa ilikuwa ikienda. Wote watatu wanakunywa sauti yangu, akawaza, na mimi nabaki na majani.

"Phelis!" akaita. "Mbuzi ameingia dukani kwako, anakula mikate!"

Maandazi yakaendelea kuchemka. Unajua, kuweka simu chini kulikuwa na mlio wake, ka!, ambao kila mtu katika waya aliusikia. Anayeweka chini ndiye anayekiri kwamba alikuwa ameinua. Hakuna aliyetaka kuwa huyo.

"Mwalimu! Ng'ombe wako yuko kwenye chai yangu!"

Huu, huu. Kutoka dirishani Mwalimu alikuwa akimwona ng'ombe wake amefungwa kwenye mti.

"Jonah! Askofu yuko mlangoni kwako!"

Tik, tak. Saa haikusita hata kidogo.

"Hallo?" akasema Mzee Ogada, safari hii kwa sauti ya mtu aliyekwisha simama. "Kama hakuna mtu naweka simu chini. Basi limefika hapo nje, nasikia honi."

Ndipo ujanja wote ukamwisha Rodah. Akakaa juu ya kiti cha miguu mitatu, mkono wa simu sikioni, na akasema taratibu, kama mtu anayeongea na watu waliomzunguka jikoni.

"Watu wangu. Najua mko hapo. Mimi nimefanya mzaha, na mzaha umemfikia mtu asiyeujua. Huyo mzee akipanda basi, Winny wangu amekosa mume aliyemtaka, na kosa ni langu. Sauti yangu haifiki. Zenu zinafika. Mmoja wenu aseme. Sitamwuliza kamwe alifikaje kwenye simu."

Mafuta yakachemka. Pua zikanyamaza. Saa ya Jonah ikahesabu mwenendo wake wa kiroho, tik, tak, tik, tak. Kisha kikatoka kikohozi ambacho kanisa lote lilikijua, kile kinachotangulia mahubiri.

"Bwana asifiwe," Jonah akasema.

"Asifiwe," Mzee Ogada akajibu kwa mshangao. "Nani huyo?"

"Mimi ni jirani wa mama Winny. Anaomba usipande hilo basi. Anasema Jumamosi mje."

"Jirani? Mbona sikusikia wewe ukipiga? Uko wapi?"

"Niko kwangu."

"Sasa umeingiaje ndani ya simu hii?"

Rodah alifumba macho. Hata yeye alimwonea huruma.

"Mzee," Jonah akasema, na sauti yake ikashuka kama ya mtu aliyeitwa mbele ya madhabahu, "nilikuwa nasikiliza."

Kutoka Sotik kukaja mlio wa ajabu, na Rodah akadhani mzee analia. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akakohoa.

"Mwambie," Rodah akadakia, "mwambie kwetu siku ya kwanza mtu hufukuzwa. Mwambie nimemfukuza vizuri sana kwa sababu nampenda mtoto wake. Na mwambie nilikuwa najivuna kidogo."

"Anasema," Jonah akatangaza, "kwamba anatubu, anaomba msamaha kwa machozi na kwa unyenyekevu."

"Sijasema hivyo!" Rodah akapiga kelele. "Jonah! Sema nilivyosema!"

"Hajasema hivyo, mzee," ikaingia sauti ya Phelis, ikiwa imeshindwa kujizuia. "Amesema kwao siku ya kwanza mtu hufukuzwa, na wewe umefukuzwa vizuri. Na amesema anajivuna."

"Kidogo!" Rodah akasema. "Nimesema kidogo!"

"Anasema kidogo," akasema Mwalimu Nicholas. "Na mimi kama mwalimu nathibitisha kwamba desturi hiyo ipo. Mimi mwenyewe nilifukuzwa na baba mkwe wangu mpaka nikaingia kwenye mtaro."

"Kweli, aliingia," mkewe akasema kutoka pembeni.

"Ngoja, ngoja," Mzee Ogada akasema. "Mko wangapi huko?"

Wakajitaja mmoja mmoja kama watoto waliokamatwa juu ya mti wa mapera. Mzee akawasalimu kila mmoja kwa jina, kwa utaratibu, kama amewakuta wamekaa kwenye viti. Kisha akasema, "Sikilizeni. Kwetu maneno ya ndoa hayazungumzwi kichochoroni na mtu mmoja. Yanataka mashahidi. Mimi niliona vibaya kuzungumza na mama peke yake kwa simu, nikasema labda ndiyo maana mambo yameharibika. Kumbe mashahidi walikuwepo tangu mwanzo! Basi naomba tena, mbele yenu wote. Mwulizeni mama: Jumamosi tuje?"

"Anauliza Jumamosi waje?" Jonah akasema, ingawa Rodah alikuwa amesikia kila neno.

Sasa ilikuwa zamu ya habari za mbwa. Desturi ilitaka hivyo, na ulimi ulimwasha Rodah kuzisema. Akaona jinsi ambavyo Phelis angecheka. Akaona na Winny amesimama kwenye ofisi ya karani.

Akakohoa.

"Amekohoa!" wakasema wote watatu kwa pamoja.

"Ni mgonjwa?" Mzee Ogada akauliza.

"Ni ndiyo, mzee!" Phelis akapiga kelele. "Hiyo ni ndiyo!"

Nje ya kiwanda basi la Kisumu likapiga honi ya mwisho, likaondoka bila mzee yeyote mwenye koti.

Walipokuwa wakiagana, Mwalimu akasema kwa ile sauti yake ya ubaoni, "Lakini jamani, sisi watatu tungeweka simu chini tangu mwanzo, si mama Winny angesikika mwenyewe?"

Waya mzima ukafikiri jambo hilo.

Hakuna aliyeweka simu chini.

Jumamosi wageni walifika mapema, umande ukiwa bado juu ya chai. Mzee Ogada kweli alikuwa amevaa koti. Nyuma yake walikuwa wazee wawili, Alfayo ambaye hakujua mikono aiweke wapi, na samaki mkubwa wa kukaushwa amefungwa kwa gazeti. Rodah akasimama mlangoni na kitambaa kipya kichwani.

"Nyinyi ni nani? Mmepotea njia?"

Mzee Ogada, aliyekuwa amefundwa njia nzima na Alfayo, akavua kofia. "Tumepotea kabisa, mama. Tumepotea vibaya sana. Na tumechoka, kwa hiyo tutapotelea hapa hapa kwako mpaka jioni."

Majirani waliokaa ndani walipiga makofi. Mzee Ogada hakutaka kuambiwa nani ni nani. Alimwomba Mwalimu apumue, akamtambua. Phelis alimtambua kwa harufu ya maandazi. Alipofika kwa Jonah alimshika mkono kwa muda mrefu. "Na wewe," akasema, "ndiwe uliyekiri. Wewe ndiwe utakayeomba." Jonah akaomba, na Mungu amsamehe, akaomba kwa ufupi, kwa sababu naye alitaka kusikia maneno yakianza.

Maneno yalianza na yakaenda vizuri. Rodah alikula samaki kwa mara ya kwanza maishani mwake, kipande kizima, bila kukunja uso. Machozi yalimtoka, lakini aliomba kingine. Alfayo alipomwona akacheka, mikono yake ikapata mahali pa kukaa.

Winny alipokuwa akigawa mursik kwa mara ya pili, wazee wakiwa wameshashikana mikono na kukubaliana, simu ikalia. Mlio mmoja mrefu, miwili mifupi. Watu watatu wakanyanyuka kwenye viti vyao kwa mazoea, wakakumbuka wako wapi, wakakaa.

Rodah akainua. Akashtuka. Sauti iliyotoka mle ilikuwa safi, karibu, kama mtu amekaa naye jikoni. Hakukuwa na mafuta, wala pua, wala saa. Hakuwa ameisikia simu yake ikiwa nzima hivyo tangu marehemu mumewe alipoiweka, na kwa kitambo kidogo ilimtia upweke.

"Mama, ni Molly," ile sauti ikasema. "Samahani. Siku ile nilirudi kutoka dirishani nikasikia kidogo tu, mwishoni. Nimeshindwa kufanya kazi tangu asubuhi. Huyo mzee ni mtu wa kwetu, unajua. Niambie, mama, msichana mmetoa?"

Rodah akaangalia sebule yake: koti la Mzee Ogada limetundikwa kwenye msumari wa marehemu, Jonah anamkaribisha mtu samaki asiyemnunua, Winny amesimama nyuma ya kiti cha Alfayo na kibuyu mkononi. Wote walikuwa wamenyamaza na kumgeukia, masikio yamesimama.

"Msichana?" akasema kwa sauti kubwa, ili kila mmoja apate kikombe chake. "Molly wangu, leo ni kweli. Hapa hakuna msichana."